"Line" na Laini

Mwanafunzi wa Masaka, Kigali, akijifunza Kiswahili kupitia Kiingereza, lugha ya kufundishia iliyotangazwa Rwanda mwaka 2008, hukwama kwenye neno "line". Asili yake ni uzi wa kitani wa Kilatini. Kiswahili hulijibu kwa maneno mengi: daftari lina mistari, mvuvi ana mshipi, nguo huanikwa kambani. Watu hupanga foleni, nalo latokana na amri ya Kiingereza ya kijeshi, "fall in". Simu za mkononi zikaleta laini, wakati tayari tulikuwa na laini ya Kiarabu, yaani ororo! Tusikilaumu Kiingereza peke yake. Kinyarwanda nacho kina umurongo, wa daftarini na wa wanaosubiri basi. Ndipo tunaposikia "mstari wa basi".