Shingo Iliyovunjika na Mkono Mtulivu

Shingo ya mtu ni daraja jembamba. Juu yake kuna kichwa, chini yake mwili wote, na katikati hupita pumzi, chakula, damu na amri za ubongo. Mifupa yake ni pingili saba tu, na ndani yake imo kamba laini ya mishipa ya fahamu. Kamba hiyo ikikatika, mikono na miguu hupooza. Ikikatika juu sana, hata pumzi husimama.

Sisi wa Goma twajua jinsi msiba huu unavyoingia nyumbani. Pikipiki hugongana. Chukudu iliyojaa magunia hushuka mbio kutoka Kibumba, na mwenye kuiendesha hana breki ila kipande cha mpira. Mwingine huanguka mtini, mwingine juu ya nyumba inayojengwa. Tena kuna vita, na risasi haichagui mahali pa kupiga.

Zamani za kale watu walikata tamaa mbele ya jeraha hili. Huko Misri, katika kitabu cha mafunjo kilichoandikwa yapata miaka 1600 kabla ya Kristo, mganga aeleza habari za mtu aliyeteguka shingo asiweze tena kusikia mikono wala miguu yake. Hukumu yake ni moja: ugonjwa huu hautibiwi.

Hata hivyo wengine hawakukubali. Mwaka 1552 Ambroise Paré, mpasuaji wa Ufaransa, aliufunga mshipa mkubwa wa damu katika shingo ya askari. Askari huyo alipooza upande mmoja na kupotewa na usemi, lakini aliishi. Mwaka 1933 daktari Crutchfield wa Marekani alieleza koleo la kushika fuvu na kuvuta shingo kwa uzito, polepole, mpaka pingili zirudi mahali pake.

Lakini kupona mfupa si kuishi. Wengi waliopooza walikufa baadaye kwa vidonda vya kulalia na kwa ugonjwa wa mkojo. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani, alifungua wodi huko Stoke Mandeville, Uingereza. Dawa yake kubwa ilikuwa nini? Aliamuru wagonjwa wageuzwe kitandani kila saa mbili, mchana na usiku. Mwaka 1948 wagonjwa wake wakashindana kwa upinde na mshale, wakiwa katika viti vya magurudumu.

Kazi hiyo yaendelea kwetu. Tangu mwaka 2012 wapasuaji wa Msalaba Mwekundu wa kimataifa wamefanya kazi pamoja na wauguzi wa hospitali ya CBCA Ndosho. Januari 2025, mji ulipopiganiwa, majeruhi walifika huko kwa mamia. Kwa jeraha la shingo daktari hutazama kwanza pumzi, kisha damu, kisha mifupa kwa picha ya eksirei. Na wakati wote huo shingo haitikiswi.

Basi, msaada wa kwanza ni wetu sisi tulio barabarani. Huruma yenye haraka yaweza kuongeza madhara ya ajali. Tusimketishe aliyeanguka, tusimvute kwa mikono, tusimpakie kwenye pikipiki. Mmoja ashike kichwa chake kwa mikono miwili, kikae sawa na mwili. Wengine wamwinue pamoja, kwa neno moja, wamlaze juu ya ubao au mlango. Damu ikitoka, tukandamize jeraha kwa kitambaa safi, wala tusifunge kamba shingoni. Kisu kilichozama tusikichomoe. Hiyo ni kazi ya mpasuaji.

Na akirudi nyumbani amepooza, tusimfiche chumbani. Kumgeuza kila saa mbili hakuhitaji fedha. Kwahitaji ndugu watakaopokezana usiku, na majirani watakaobisha hodi hata baada ya mwaka wa kwanza kupita.