Theopista: jina hili limetoka wapi, na lina maana gani?

Ni vigumu kuzunguka Bukoba na Muleba usikutane na Theopista. Mmoja ni bibi anayepalilia migomba yake, mwingine ni mwanafunzi wa sekondari. Wengi tunawaita Teo kwa kifupi. Jina hili ni la Kigiriki, na limeundwa kwa maneno mawili.

Maana yake

Neno la kwanza ni theos, yaani Mungu. La pili ni pistos, neno lenye pande mbili: mtu anayeamini, na mtu anayeaminika. Kwa hiyo Theopista ni mwanamke anayemwamini Mungu, au aliye mwaminifu kwa Mungu. Kwa mwanamume jina ni Theopisto au Theopistus.

Msikilizaji wa Kihaya ataona jambo hapa. Kigiriki kinabeba maana zote mbili katika neno moja, lakini Kihaya kinazitenga kwa herufi moja tu. Kutokana na okwesiga, yaani kuamini au kutegemea, tuna Mwesiga, anayeamini, na Mwesigwa, anayeaminiwa. Nyumba yenye Theopista na Mwesigwa imewapa watoto wawili majina yanayokaribiana sana kwa maana, moja kwa Kigiriki na moja kwa Kihaya.

Lilifikaje Kagera?

Mapadri Weupe, wakitokea Buganda, walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Waliobatizwa walipewa majina ya watakatifu, na Theopista ni mmoja wao. Uganda nako jina hili lipo, mara nyingi likiandikwa Teopista.

Masimulizi ya Kanisa yanasema Theopista alikuwa mke wa Eustakio, jemadari wa Roma. Walipobatizwa walipoteza mali, wakatenganishwa, kila mmoja asijue mwenzake yuko wapi. Baada ya miaka mingi walikutana tena pamoja na wana wao wawili, kisha wote wakauawa kwa kukataa kuabudu miungu ya Roma. Wanahistoria wengi huichukulia habari hii kuwa hadithi ya mafundisho zaidi kuliko kumbukumbu ya matukio. Siku yao ni 20 Septemba. Jina Eustakio, au Eustace, nalo ni la Kigiriki: ni mmea wenye masuke mazuri, jina zuri kwa mtoto wa mkulima.

Ndugu wa jina hili

Ukisikia "theo" ndani ya jina, mara nyingi ni Mungu anayetajwa. Theodora na Dorothea yote mawili ni zawadi ya Mungu. Maneno yamegeuzwa tu mbele nyuma. Theofili ni rafiki wa Mungu. Timotheo ni anayemheshimu Mungu.

Angalia herufi

Jina hili huandikwa kwa namna nyingi: Theopista, Teopista, Theopister, Theophista. Teopista hufuata matamshi yetu, maana Kihaya hakina sauti ya "th". Theopister ni mtindo wa kumalizia kama majina ya Kiingereza. Theophista ndiyo iliyopotea njia: "ph" ni ya Theophil, na ukiiweka hapa neno pistos linavunjika.

Mtu ana haki ya kuliandika jina lake anavyopenda. Shida huanza pale cheti cha kuzaliwa kinaposema Teopista, cheti cha shule Theopister, na kitambulisho cha Taifa Theopista. Siku ya kudai mirathi, mafao au fedha benki, herufi moja inaweza kumfanya mtu mmoja aonekane kuwa wawili, na nauli ya kwenda na kurudi mjini ni yako.

Kwa hiyo, mzazi, chagua tahajia moja kabla ya kumwandikisha mtoto. Iandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa na umwoneshe karani. Usimtajie kwa mdomo tu. Ukipewa cheti, kisome herufi kwa herufi kabla hujaondoka dirishani. Kama wewe ni Theopista mtu mzima, toa vyeti vyako vyote leo, vipange mezani, uvilinganishe. Ukikuta tofauti, anza kuirekebisha sasa, ukiwa bado huna haraka.