Oili ipi yafaa gari la kisasa lenye injini ya kasi?

Magari mengi ya kasi yanayoonekana jijini Nairobi, hususan Subaru Impreza na Forester zenye tabochaja, huwasili nchini yakiwa yametumika Japani kwa miaka kadhaa. Kitabu cha maelekezo, kikiwamo, huwa kimeandikwa kwa Kijapani. Hivyo mwenye gari kutoka Lavington huteremka hadi gereji za Kawangware, au wa Ngong Road akaelekea Kibera, na kumwachia fundi uamuzi wote kuhusu oili.

Ustadi wa mafundi hao wa jua kali si wa kutiliwa shaka. Hata hivyo, wengi wao walijifunza kazi kwa matatu na pikapu kuukuu, ambazo injini zake zilizolika huvumilia mafuta mazito ya 20W-50. Mafuta hayo yakimiminwa katika injini mpya yenye vijia vyembamba, huchelewa kufika yanakohitajika, na vyuma husuguana vikavu kila asubuhi.

Tarakimu inayotangulia herufi W huonyesha wepesi wa mafuta kutiririka kwenye baridi. Inayofuata ni uzito wake katika joto la nyuzi 100. Wapo wanaodai kwamba W ni ya nchi za theluji tu. Dai hilo halina msingi, kwani kwa injini iliyozoea nyuzi 100, alfajiri ya Julai mjini Nairobi ni baridi tosha.

Tabochaja ndiyo yenye kudai zaidi. Mhimili wake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nao hulainishwa na kupozwa na oili hiyo hiyo. Mafuta hafifu huungua hapo na kuacha masizi yanayoziba mirija. Injini ya namna hiyo yataka mafuta ya sintetiki, mara nyingi 5W-30 au 5W-40, ilhali baadhi ya injini mpya zisizo na tabochaja zimeundiwa 0W-20. Aghalabu tarakimu hizo huchapishwa kwenye kifuniko cha kumiminia oili, nazo husomeka hata kwa asiyejua Kijapani.

Herufi za API nazo zina maana. SP ilianza kutumika mwaka wa 2020 na SN mwaka wa 2010. SF, ambayo ni rahisi kwa bei, ni ya injini zilizoundwa hadi mwaka wa 1988.

Hata hivyo, maandishi ya mtungini hayana faida iwapo kilichomo ni oili chakavu iliyochujwa na kutiwa katika mtungi wa jina maarufu. Nambari iliyo chini ya nembo ya ubora ya KEBS yaweza kuhakikiwa kwa ujumbe mfupi wa simu kupitia 20023. Kifuniko kivunjwe mbele ya mnunuzi, na mtungi mtupu utobolewe kabla ya kutupwa. Oili iliyotolewa isimwagwe mtaroni, kwa maana maji ya Kibera huishia katika Nairobi Dam.