Kilabu cha Pombe na Mfuko wa Manispaa

Wiki hii napenda tuzungumze juu ya kilabu cha pombe. Mimi si mnywaji, wala sina nia ya kumtetea mlevi. Lakini nimechoka kusikia kilabu kikilaumiwa kana kwamba kilizuka chenyewe mitaani. Tangu Afrika ya Kusini hadi huku kwetu Afrika Mashariki, vilabu vingi vya zamani vya mijini viliwekwa na wakoloni, na viliwekwa ili viingize fedha.

Mambo yalianzia Durban. Mji ule ulijaa vibarua wa Kizulu: wapagazi wa bandarini, wavuta riksho, watumishi wa majumbani mwa Wazungu. Jioni walikwenda kwa akina mama waliopika utshwala, pombe ya mtama. Nafaka huloweshwa ikaota, ikaanikwa, ikasagwa kuwa kimea, ukapikwa uji, ukaachwa uchachuke. Kwa mwanamke asiye na ajira mjini, mtungi ule ndio uliokuwa shamba lake.

Mwaka 1908 serikali ya Natal ilipitisha sheria ya kuziruhusu halmashauri za miji kuihodhi biashara hiyo. Durban haikuchelewa. Kuanzia mwaka 1909 manispaa peke yake ndiyo iliyokuwa na haki ya kupika na kuuza, na mama aliyekutwa na mtungi nyumbani alikuwa mhalifu. Faida ilitiwa katika mfuko maalumu wa mambo ya Waafrika, na kutoka humo yakajengwa mabweni ya vibarua na polisi nao wakapata fungu lao. Hebu fikirini: mtu ananunua kopo lake la pombe, na peni zake zinasaidia kumlipa askari atakayekwenda kuumwaga mtungi wa dada yake! Wakubwa wa mji waliusifu sana mpango huo, kwani Waafrika walitawaliwa kwa fedha zao wenyewe, na kodi ya Mzungu haikuguswa.

Sifa hizo zikasafiri. Miaka ya 1920 manispaa ya Nairobi, ilipoanzisha mtaa wa Pumwani kwa ajili ya Waafrika, iliweka na kilabu chake humo humo. Wanawake wa Pumwani walikatazwa kupika. Wakapika. Walikamatwa, wakatozwa faini, wakarudi mekoni kutafuta fedha za kulipia faini hiyo.

Jambo moja, naona, wakubwa hawakulipigia hesabu. Ukiwakusanya wanaume mia kadhaa jioni moja kwenye mabenchi, watazungumza. Wa bandarini atamwuliza wa reli analipwa kiasi gani. Na kila mmoja wao anajua kopo lile linakwenda mfuko gani.

Mwaka 1929 chama cha wafanyakazi cha ICU, kikiongozwa huko Natal na A.W.G. Champion, kilishika bendera ya kuvisusia vilabu vya Durban. Mwezi Juni fujo zikazuka, watu wakauawa. Katika miji midogo ya Natal wanawake waliingia vilabuni na fimbo, wakawatoa wanaume nje. Malalamiko yao yalikuwa mepesi kueleweka: sisi tunakatazwa kupika, na mshahara wa mume unabaki kwa manispaa.

Miaka 30 baadaye, Juni 1959, maofisa walipokwenda kuharibu pombe za majumbani huko Cato Manor, nje kidogo ya Durban, wanawake walikivamia tena kilabu cha manispaa.

Na wanafunzi wa Soweto walipoingia barabarani tarehe 16 Juni 1976, wakipinga kufundishwa kwa Kiafrikana, moto wao haukuishia kwenye ofisi za serikali. Vilabu navyo viliteketezwa pamoja na maduka ya pombe. Bodi iliyoitawala Soweto wakati huo ilitegemea faida ya pombe kuendesha mitaa ile ile ambayo watoto hao walizaliwa.