Juu ya nini kukataza kinga ya umeme ni rahisi, na kufuta katazo ni vigumu



Wakati nilikuwa ninatayarisha memwari yangu ya lisansi kuhusu mashamba yanayozunguka Lubumbashi, nilitembea sana na watu wa kinga, wale wanaoleta makala mjini. Asubuhi moja mwenzetu alisimamishwa kwenye kizuizi. Hakugonga mtu, hakuiba kitu. Aliambiwa tu kwamba kinga yake haina ruhusa ya kuingia. Alipouliza ni sheria gani, hakuna aliyemjibu. Akalipa, akapita. Kesho yake akarudi na mzigo uleule kwa njia ileile.

Tangu siku ile ninajiuliza: katazo la kitu ambacho mji wenyewe unakihitaji kila siku, linadumu namna gani? Historia iliyonisaidia kuelewa ni ya mbali, ya mji wa New York na baiskeli zake za umeme. Lakini hata yenyewe haiko mbali sana na sisi. Betri nyingi za lityumu zina kobalti ndani, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka hapa kwetu Kongo.

Tuanze na sheria. Mwaka wa 2002 serikali kuu ya Marekani iliamua kwamba baiskeli yenye pedali na mota ya chini ya wati 750, isiyopita kilomita 32 kwa saa kwa nguvu ya mota peke yake, ihesabiwe kuwa baiskeli. Lakini uamuzi ule ulihusu utengenezaji na uuzaji wake. Kutembea nayo barabarani ni jambo la kila jimbo. Jimbo la New York lilisema: kitu chenye mota lazima kiandikishwe na kipate namba. Halafu ofisi ya kuandikisha ikasema: hii haiandikishwi. Mji nao mwaka wa 2004 ulikataza skuta za mota, na maneno ya sheria ile yalikuwa mapana kiasi cha kuzikamata pia kinga za umeme. Amande yake ilikuwa dola 500.

Mnaona hesabu hiyo? Kununua ruhusa, kuuza ruhusa, kupanda marufuku. Ukiuliza mji, unatumwa ku jimbo. Ukiuliza jimbo, unatumwa ku ofisi. Sisi wa agronomia tulifundishwa kwamba hakuna mmea unaozaliwa gugu. Gugu ni mmea wowote uliootea fasi ambayo mwenye shamba hautaki. Kinga ya umeme haikuwa na kosa ndani yake. Iliota tu katikati ya mistari miwili ya sheria, kati ya baiskeli na moto, na hakuna aliyetaka kuipandikiza upande wowote.

Sasa, nani alikuwa anaipanda? Zaidi ya wote, wapeleka-chakula wa mikahawa. Wengi wao ni wahamiaji waliotoka China, Mexico na Guatemala, na kati yao kuna wazee ambao magoti yao hayawezi tena kukanyaga pedali saa kumi na mbili kwa siku. Kwao amande ya dola 500 ni kazi ya siku nyingi, na mara nyingine polisi ilichukua na kinga yenyewe. Kuenda kulalamika walikuwa wanaogopa, juu ya karatasi na juu ya lugha.

Upande wa pili wako waenda kwa miguu. Tusiwacheke. Mama mzee anayevuka barabara hasikii mota ya umeme ikikuja, na kinga inayopita kinyume cha njia ao juu ya trotwari inaweza kumvunja nyonga. Wakaaji wa Manhattan walilalamika miaka mingi, hata kumpigia meya simu kwenye redio. Mwezi wa kumi 2017, Meya Bill de Blasio alitangaza kwamba katazo litakazwa kuanzia 2018, na kwamba mikahawa nayo italipa: dola 100 mara ya kwanza, 200 kila mara inayofuata. Lakini mteja hakuacha kutaka chakula kikiwa moto, na mkahawa haukuacha kukubali komande. Katazo halikumgusa yule aliyeharakisha kazi. Liliangukia miguu iliyotumwa.

Mwaka wa 2018 mambo yakawa ya ajabu zaidi. Mji ulifafanua kwamba kinga ambayo mota yake inasaidia tu mtu anapokanyaga pedali inaruhusiwa. Ile inayokwenda kwa kuzungusha mkono ao kubonyeza kitufe, kama moto, inabaki marufuku. Mwaka uleule kampuni ya baiskeli za kukodi, Citi Bike, ikaweka barabarani kinga za umeme za aina iliyoruhusiwa. Wapeleka-chakula wengi walikuwa na ile ya pili. Basi mtu wa ofisi akapita kwa kilomita 30 kwa saa bila shida, na mpeleka-chakula kwa mwendo uleule akaandikiwa amande. Kisheria tofauti ilikuwepo. Kwa macho ya mtu aliyesimama pale na karatasi ya dola 500 mkononi, tofauti ilikuwa nani ni nani.

Mutasema: basi wabadilishe sheria, kwisha. Walijaribu. Mwezi wa sita 2019 mabaraza yote mawili ya jimbo yalipitisha sheria ya kuziruhusu, tena kwa kura nyingi sana. Mwezi wa kumi na mbili Gavana Andrew Cuomo akakataa kutia sahihi. Alisema sheria ile imeacha mambo ya usalama kama kofia ya kujikinga kichwa.

Hapa njo fasi ninayotaka tukae kidogo. Tunazoea kufikiri kwamba katazo linadumu juu ya watu wengi kulipenda. Hapana. Linadumu juu ya namna lawama inavyogawanyika. Kinga iliyokatazwa ikigonga mtu, mwenye kosa ni aliyeipanda: alivunja sheria. Kinga iliyoruhusiwa ikigonga mtu, watu watauliza nani aliruhusu. Aliyekataza halaumiwi kwa ajali. Aliyefungua mlango atalaumiwa kwa kila kinachopita mlangoni. Gavana ao meya yeyote anajua hesabu hiyo bila kufundishwa.

Si Marekani peke yake. Huko China, ambako kinga hizo zinatengenezwa kwa mamilioni, sheria ya barabara iliyoanza 2004 ilizihesabu kama baiskeli, lakini miji iliendelea kuvutana nazo. Beijing ilikuwa imepanga kuzifunga, ikarudi nyuma mwanzoni mwa 2006. Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wetu wengi wanaujua, ulizikataza mwaka uleule wa 2006, na ni mwaka wa 2021 tu ulipoanza kuziandikisha. Miaka kumi na tano! Na katika miaka yote hiyo hazikuisha barabarani.

New York ilibadilika namna gani basi? Si kwa hoja mpya. Hoja zote zilikuwa mezani tangu zamani. Mwezi wa tatu 2020 korona iliingia, meza za mikahawa zikafungwa, watu wakajifungia nyumbani. Aliyeleta chakula mlangoni alikuwa mtu yuleyule wa kinga ya umeme. Ndani ya siku chache mji ukasimamisha kuwakamata. Mwezi wa nne ruhusa ikaingia ndani ya bajeti ya jimbo, na mwezi wa sita baraza la mji likakamilisha kazi. Kwa mara ya kwanza, kuendelea kukataza kulileta lawama kubwa kuliko kuruhusu.

Lakini kisa hakikuisha vizuri kama hadithi ya watoto. Betri za bei ya chini, zilizochajiwa usiku ndani ya nyumba zenye watu wengi, zilianza kuwaka moto. Mwaka wa 2023 watu 18 walikufa kwa moto wa betri za lityumu katika mji ule. Mwaka huohuo sheria ya kukataza kuuza betri na kinga zisizopimwa ikaanza kutumika. Mwezi wa kumi 2025 mji ukaweka mwendo wa mwisho wa kilomita 24 kwa saa. Wengine wakasema: mnaona, ilikuwa vizuri kukataza. Mimi ninasoma kinyume. Kitu ambacho kisheria hakipo, nani atapima betri yake? Nani atakijengea fasi salama ya kuchajia? Kinga hizo zilikuwa barabarani miaka mingi, lakini kazi ya kuzipangia kanuni ilianza kwa kuchelewa. Mama mzee wa trotwari hakulindwa na katazo. Alihitaji njia iliyotengwa, mwendo uliopimwa, na mkahawa unaojibu kwa ajili ya mtu wake.

Wenzangu, wengi wetu kesho tutakaa ku meza za komini, za jimbo, za wizara. Siku moja mtaletewa karatasi iliyoandikwa juu "ni marufuku", na itaonekana kuwa dawa ya haraka. Kabla ya kutia sahihi, ulizeni nani atalipa amande ile, na nani anaendelea kufaidika na kazi ya yule anayeilipa. Mwenzetu wa makala alilipa kwenye kizuizi asubuhi. Jioni, nyumba zote za mtaa zilipika kwa makala yake, na nyumba ya yule aliyemtoza iko kati yao.