Hewa ya Kupulizwa, Hewa ya Kuvuta

Mwaka 1988 Ayrton Senna alizunguka mitaa ya Monaco kwa dakika 1 na sekunde 23.998, akiwa ndani ya McLaren yenye injini ya Honda ya turbo. Wapenzi wa langalanga bado wanausimulia mzunguko ule kama muujiza. Mwaka uliofuata turbo zilikuwa zimepigwa marufuku. Senna akarudi mitaa ile ile na injini inayovuta hewa yenyewe, akatumia dakika 1 na sekunde 22.308. Ikiwa turbo iliondolewa ili kupunguza kasi, basi hukumu hiyo iliandikwa na mtu asiye na saa mkononi.

Turbo ni mivukuto ya mhunzi, ila anayeivukuta ni moshi. Gesi zinazotoka kwenye injini huzungusha feni ndogo, nayo feni hiyo huzungusha mwenziwe anayeshindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi huungua. Tangu 1966 kanuni za Fomula 1 ziliruhusu injini ya lita 3 bila kipulizio, au ya lita 1.5 yenye kipulizio. Mlango huo wa pili ulikaa miaka 11 bila mtu kuuingia, mpaka Renault ilipofika Silverstone mwaka 1977 na gari lililofuka moshi hata Waingereza wakaliita birika la njano.

Kicheko kilikatikia Afrika. Kyalami, Afrika Kusini, iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, lakini turbo hujishindilia hewa yake. Ni pale Kyalami, mwaka 1979, ambapo Jean-Pierre Jabouille aliiwezesha turbo kuanza mbio ikiwa mbele ya wote kwa mara ya kwanza. Na ni pale pale, mwaka 1983, Nelson Piquet alipokuwa bingwa wa kwanza wa dunia mwenye turbo, kwa injini ya BMW ya silinda nne tu. Kufikia 1986 injini za kutafutia nafasi ya kuanzia zilivuka nguvu farasi 1,000. Zilikimbia mizunguko michache, kazi yao ikaisha. Timu isiyo na kiwanda mgongoni ingezitoa wapi?

Wakubwa wa langalanga waliinyonga turbo polepole. Mwaka 1984 petroli ilipimwa lita 220 kwa mbio nzima, 1986 zikawa 195. Mwaka 1987 mgandamizo wa hewa uliwekewa kikomo cha bar 4. 1988 zikabaki bar 2.5 na lita 150. Wasio na turbo walitengewa kombe lao mwaka 1987, lililopewa jina la Jim Clark, na Jonathan Palmer akalichukua. Kwangu mimi lile lilikuwa kombe la pole. Na mwaka ule wa mwisho, turbo ikiwa imekabwa hasa, McLaren na Honda walishinda mbio 15 kati ya 16. Njaa ya petroli iliwaumiza wengine wote kabla ya tajiri.

Katika rali kesi ilikuwa nyingine kabisa. Mwaka 1986 gari liliwavamia watazamaji nchini Ureno na kuua. Mwezi Mei, huko Corsica, Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto wakafa ndani ya Lancia Delta S4. Kundi B, daraja la magari hayo ya rali, likafutwa kuanzia 1987. Lakini tazameni nani alifukuzwa: MG Metro 6R4, gari lisilo na turbo hata chembe, lilitolewa pamoja na majitu yale, huku turbo yenyewe ikiendelea kutamba katika Kundi A, daraja lililochukua nafasi yake. Langalanga ilihukumu kifaa ikaiacha kasi. Rali ilihukumu ukoo mzima wa magari ikakiacha kifaa.

Safari Rally ya Kenya haikungoja hukumu ya mtu. Kwa hesabu ya mwinuko, Nairobi ikiwa takriban mita 1,700, turbo ingetawala tangu siku ya kwanza. Haikuwa hivyo. Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun isiyo na turbo. Mwaka 1983 Ari Vatanen akashinda kwa Opel ya aina hiyo hiyo, Audi ya turbo ya Hannu Mikkola ikifuata nyuma. Maelfu ya kilomita za vumbi, matope na joto hayakujali nguvu farasi. Kisha Toyota ikaja na Celica ya turbo, gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma tu, ikashinda 1984, 1985 na 1986: Björn Waldegård, Juha Kankkunen, Waldegård tena. Turbo ilikuwa imejifunza kufika.

Ukitazama picha za Celica za Safari za miaka ya 1990 utaona bomba limepanda kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Ndani kuna turbo inayoshindilia hewa. Huko juu, mdomo wa bomba unaitafuta hewa yenyewe, kama tembo avukaye mto akiwa ameinua mkonga.