Mkate Ulitangulia Reli

Wako wanaodhani kuwa mkate uliletwa Tabora na reli mwaka 1912. Sivyo. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, Waarabu waliolowea pale walikuwa wakilima ngano. Mwaka 1872 Livingstone naye alieleza jinsi ilivyomwagiliwa maji kiangazi. Hapakuwa na kiwanda cha mikate. Kila nyumba ilijipikia.

Hivyo basi, mama wa Ziba hana haja ya kungoja mkate wa mjini. Changanya unga wa ngano, chumvi, hamira na maji ya uvuguvugu. Kanda, funika mpaka uumuke. Tia katika sufuria iliyopakwa mafuta. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Kujitegemea huanzia jikoni.